Siku Nilipomsalimia Kadzo Kule Suwaidi

Chumbani tulikuwa wanawake watano, na mwanamume mmoja nyuma ya mlango. Niwataje kwanza, maana kisa bila watu ni wali bila chumvi. Nilikuwepo mimi, Mwanasha binti Bakari, wakati huo mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti yetu huku Pwani. Alikuwepo Zuhura, mtoto wa kaka yangu Athumani, aliyekuwa akiishi Jeddah na mumewe. Yeye ndiye aliyenifasiria, kwa sababu Kiarabu changu mimi ni cha kuswalia tu. Alikuwepo Kadzo, binti ya Dama. Huyu Dama ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, na wakati wa kura hakuna aliyezunguka kunipinga kama yeye. Alikuwepo mama mzee kitandani, Ummu Fahd, amepooza upande mmoja, na Kadzo ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alikuwepo Hessa, mkaza mwana wa huyo mzee, ambaye Kadzo akimwita madam. Na nyuma ya mlango alisimama Fahd, mtoto wa mzee na mume wa Hessa. Fahd ndiye aliyekuwa kafili wa Kadzo, yaani mwajiri ambaye bila ruhusa yake msichana hatoki nchi ile.

Ilikuwa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, baada ya alasiri. Ni miaka ile ambayo mawakala walikuwa wakiwazoa wasichana wetu kuwapeleka Saudia, mpaka harusi zikawa hazina wa kupiga vigelegele.

Nyinyi vijana mnaotaka viti mnanijia barazani kuniuliza uwakilishi unafanywaje. Mnataka niwaeleze hoja na miswada. Hayo mtafundishwa na karani wa bunge, ana subira. Mimi nilifika darasa la nne, na siku yangu ya kwanza bungeni kiti kile cha kuzunguka kilinigeuza nikatazama ukuta wakati Spika anaingia. Wote wamesimama wamemwelekea yeye, mimi nimesimama nimeelekea saa ya ukutani. Hata hivyo nilimaliza muhula. Nitakalowaeleza mimi ni hofu, kwa sababu hilo karani hatawafundisha.

Aliyenilea katika kazi hii ni Mzee Kombo Nassir, aliyekuwa diwani zamani, kabla ya kaunti. Nilimwendea na daftari jipya na kalamu mbili. Akazitazama, akasema, "Hivyo vya nini?"

"Vya kuandika shida za watu."

"Weka. Mtu akikujia na shida, usimuulize shida yake. Muulize mamake yu hali gani. Kisha nduguze, kwa majina. Ukishajua majina, shida itakuja yenyewe na viatu vyake."

Nikafanya hivyo. Kila nyumba ya wadi yangu nilijua mama ni nani, aliyezaa ni nani, nani anaumwa mguu na nani ana ng'ombe mgonjwa. Salamu zangu zilikuwa ndefu hata dereva wangu akizima gari na kununua muhogo. Ndizo zilizonipa kiti. Na ndizo zilizokaribia kutufunga sisi sote kule Riyadh.

Dama alikuja kwangu asubuhi moja. Hakubisha hodi, na hiyo peke yake ilinishtua, maana baada ya kura tulikuwa tukisalimiana kwa kikohozi tu. Alishika simu. Akanipa nisikilize sauti ya Kadzo. Kadzo alikuwa akinong'ona. Alisema mkataba wake umekwisha zamani, kafili hataki kumpa ruhusa ya kutoka, pasipoti anayo madam, na sasa wanataka kumnyang'anya na simu. Alituma na lokesheni ya nyumba. Mwisho akasema, "Mama, nikifa huku msikubali mkiambiwa nilikuwa mgonjwa. Mimi si mgonjwa."

Baada ya hapo simu ikazimika, ikawa haipatikani kabisa.

Dama akaniambia, "Sikukupigia kura."

"Najua."

"Na sitakupigia."

"Nalo najua. Kaa chini, Dama."

Nikapeleka hoja bungeni. Nilisimama nikasema habari za mawakala na watoto wetu. Spika alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mheshimiwa, kwa mujibu wa sheria, Riyadh haimo katika kaunti hii." Wenzangu wakacheka. Nami nilicheka, ili nisilie mbele yao. Lakini alisema kweli: mambo ya kazi za nje si ya kaunti. Nikaandikiwa barua kwa wanaohusika, nikajibiwa vizuri kwamba jambo linashughulikiwa, nisubiri. Wakala aliyempeleka Kadzo alikuwa ameshafunga duka, na mlangoni pake sasa panauzwa viazi.

Mwezi huo ndio nilikuwa nimekwisha kujiandikisha kwenda Umra na kundi la Ustadh Shee. Sitawaficha: nilipanda ndege nikiwa na nia mbili.

Sasa mfahamu jambo moja, maana hofu yote ilitoka hapo. Viza ya Umra wakati ule ilikuruhusu Makka, Madina na Jeddah, basi. Ukikamatwa Riyadh una makosa, na aliyekubeba ana makosa, na kiongozi wa kundi lako naye anaulizwa. Nilipomaliza Umra nikamwambia Ustadh Shee ninakwenda Jeddah, mtaa wa Balad, kumtembelea mtoto wa kaka yangu. Hilo lilikuwa kweli. Akanipa pasipoti yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba.

"Bi Mwanasha, nakujua. Usinitie aibu."

"Naenda kwa Zuhura, Ustadh."

"Na kutoka kwa Zuhura?"

Nikamwambia Mungu amlipe kheri kwa msafara mzuri.

Zuhura alikuwa akikaa juu ya duka la vitambaa, kwenye jumba la kale la mawe, ngazi zake zimechakaa katikati kwa miguu ya watu. Mumewe, Suleiman, Mzanzibari wa Makunduchi, alikuwa fundi wa majokofu katika kampuni moja. Nilipowaeleza, Suleiman aliweka kikombe chini.

"Shangazi, miye nna ikama ya kukaa nchi hii, na nna mtoto. Nikikamatwa nakubeba wewe, halas. Kazi hakuna, nchi hakuna."

"Basi nionyeshe basi la kwenda."

"Ndo ukakamatwe peke yako?" Akamtazama mkewe. Zuhura alikuwa akikunja nguo za mtoto, hakuinua uso. Suleiman akasema tu, "Hizo nguo anazokunja mtu bila kusema, Shangazi, ndizo jibu. Tutakwenda."

Tulitoka baada ya alfajiri. Mimi kiti cha nyuma, nimejifunika mpaka macho, mtoto wao Nassra kalala mapajani mwangu. Jangwa lile ni refu, huoni mtu, unaona ngamia na nguzo za umeme. Kwenye kizuizi cha askari foleni ilikuwa inakwenda polepole. Gari la mbele yetu lilikuwa la wanaume watupu. Wakatolewa, wakasimamishwa pembeni juani, mmoja akawa anageuza mifuko yake nje. Pasipoti yangu niliikalia. Nikambana Nassra mapajani hata akaamka akaanza kulia.

Askari akainama dirishani, akachukua ikama ya Suleiman, akaona wanawake wawili na mtoto analia. Nilimwomba Mungu askari yule asiniulize jina langu. Akarudisha ikama. "Yalla," akasema, akatupungia mkono.

Suleiman aliendesha mpaka kizuizi kikapotea nyuma, akasimamisha gari, akashuka, akatapika. Aliporudi akasema, "Samaki wa jana." Tukaitikia sote kwamba ndiyo, samaki.

Tulipofika Riyadh tulilala mtaa wa Malaz, kwa rafiki yake Suleiman na mkewe. Usingizi sikuuona. Asubuhi tukapanga.

Hapa ndipo pa kazi, sikilizeni. Nyumbani huwezi kuingia nyumba ya mtu kudai mtoto. Unaingia na kitu, kwa sababu nyingine, unakaa, unangoja. Kwa matanga unakwenda na sukari. Kule nilikuwa na kitu kizuri kuliko sukari: dumu la maji ya zamzam. Dama alikuwa ameniambia Kadzo anamuuguza mama mzee aliyepooza, na mgonjwa yeyote Mwislamu anayatamani maji hayo, na mgeni aliyetoka Umra nayo si rahisi kumfukuza mlangoni. Zuhura atasema tumesikia mtaani kuna mama mzee amepooza, na shangazi yake ametoka Makka, amependa kumzuru. Tukiingia, nimwombee mzee, nimpe maji, nimwoneshe ubinadamu, kisha nimwombe yeye, si mwanawe. Mama ndiye mwenye nyumba, hata akiwa hawezi kujigeuza.

Na sharti kubwa lilikuwa moja. Zuhura alinishika mkono kabla hatujashuka garini. "Shangazi, Kadzo akiingia, humjui. Hakujui. Hamjuani. Wakijua umetoka kwao watajua alipiga simu."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Simjui Kadzo."

Suleiman akabaki na Nassra kwenye duka la dawa upande wa pili wa barabara.

Hessa alifungua mwenyewe. Alipoona dumu uso wake ulilegea. Akatukaribisha upande wa wanawake, na kwa kuwa tulikuja kwa mgonjwa akatuingiza chumbani mwake. Mama mzee alikuwa mdogo, kama mtoto aliyevishwa uzee. Lakini kitanda kilikuwa safi, nywele zimesukwa mabutu mawili, na mashuka hayana harufu. Nikajua papo hapo nani anafanya kazi hiyo, maana mabutu yale yalikuwa ya kwetu.

Nikaketi chini karibu na kichwa chake. Nikamwombea. Akanishika kidole kwa mkono wake mzima. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, nawaambieni, yalikuwa yanakwenda.

Ndipo Kadzo akaingia na sinia ya kahawa.

Niliyemjua alikuwa msichana wa shingo nene, mchekaji, mcheza mpira. Aliyeingia alikuwa na mifupa hapa shingoni, na macho yake yanatazama sakafu. Aliponitambua sinia ikalia. Vikombe vikagongana. Nami mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama ulivyofunguka kwenye kila mlango wa wadi yangu kila siku.

"Kadzo wa Dama! Hujambo mwanangu? Mamako Dama hajambo, anakusalimu. Kakako Karisa hajambo. Dadako Sidi amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la nyanyako..."

Zuhura akanibana paja kwa kucha. Nikanyamaza. Kadzo alikuwa ameshaanza kulia, bila sauti, machozi yanadondokea kahawa.

Hessa hakujua Kiswahili. Lakini "Kadzo" alilijua, na "Dama" alikuwa amelisikia kwenye simu za Kadzo kabla hajaichukua simu hiyo. Akasimama. Akamtazama Kadzo, akanitazama mimi, akatazama dumu. Akaenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Kisha akapiga simu kwa mumewe.

"Umetumaliza, Shangazi," Zuhura akasema polepole, kwa Kiswahili. "Wallahi umetumaliza."

Sijui kama mmepata kusikia ufunguo ukizunguka upande usio wenu. Nilikuwa mheshimiwa, nina kiti, nina dereva, nina rungu linalomtangulia Spika wangu, na yote hayo hayakuweza kufungua mlango ule. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mkobani mwangu mna pasipoti yenye viza ya Umra. Nilimfikiria Ustadh Shee akihesabu watu wake uwanja wa ndege. Nilimfikiria Suleiman pale kwenye duka la dawa, anambembeleza mtoto, hajui. Nikafikiri hivi ndivyo Kadzo alivyoamka kila siku, na mimi nimeonja kidogo tu.

Fahd alikuja upesi. Hakuingia, kwa kuwa ndani mna wanawake wa watu. Alisema nyuma ya mlango, sauti si ya kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Ni akina nani? Chukua karatasi zao."

Hessa akanyoosha mkono kwa mkoba wangu. Nikaushika. Naye akaushika. Tukawa wanawake wawili watu wazima tunavutana mkoba juu ya mgonjwa.

Mama mzee akasema kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Akasema tena. Zuhura akanifasiria kwa kunong'ona: anataka maji yake.

Hessa akauachia mkoba, akamimina zamzam, akampelekea. Mzee akafumba mdomo. Maji yakamwagika kidevuni. Akamnyooshea Kadzo kidole. Kadzo akafuta uso, akamwinua kichwa kama anavyojua yeye, akamnywesha. Mzee akanywa yote, hana haraka, na sisi wote tumesimama.

Kisha akamuuliza Kadzo, "Dama ni nani?"

Kadzo alikuwa amejifunza Kiarabu cha nyumba ile. "Mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na hayo majina mengine?"

"Kaka yangu. Dada yangu. Dada yangu amezaa."

Zuhura alikuwa akinifasiria kila neno huku amenikamata mkono. Kisha mzee akageuza kichwa kuelekea mlango.

"Fahd. Uliniambia huyu hana mtu. Uliniambia ameomba mwenyewe kubaki, kwa kuwa hana mtu."

Nyuma ya mlango tukasikia viatu vinasogea.

"Fahd."

"Nilisema hivyo kwa ajili yako, mama. Wewe huli kwa mtu mwingine."

Hessa aliketi kitini, akatazama mikono yake. Sikumchukia wakati ule. Niliona naye alikuwa na hofu yake, ya kubaki peke yake na kazi ile.

Mzee akasema, "Mfungulie wageni. Huyu mpeleke kwa mama yake."

"Mama, nani atakayekuuguza?" Fahd akauliza.

"Nimesema, mpeleke."

Hessa akautoa ufunguo. Nikasikia unazunguka tena. Fahd alikuwa amejitenga ukumbini, akatugeuzia mgongo tupite. Akamwambia Zuhura bila kutugeukia kwamba atashughulikia ruhusa ya kutoka, na tiketi; tusirudi tena pale, wala tusiende popote kusema. Nilitaka tuondoke naye Kadzo saa ileile. Zuhura akasema haiwezekani, bila ruhusa atakamatwa njiani, na sisi pamoja naye. Basi tukamwacha. Nimefanya mambo mengi magumu katika kazi ya watu, lakini kugeuka na kumwacha mtoto yule kwenye ukumbi, ameshika sinia, kwa ahadi ya mtu aliyetoka kumdanganya mama yake, hilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Njia ya kurudi Jeddah sikumbuki kizuizi hata kimoja. Suleiman asema tulisimamishwa tukaruhusiwa. Sikumbuki. Nilikuwa nikimwona Kadzo tu.

Nikarudi nyumbani na kundi langu. Ustadh Shee alinihesabu mara mbili. Kila alfajiri nikasikia Dama anafungua mlango wake upande wa pili wa ukuta, nami nikajifanya nimelala, maana sikuwa na jipya la kumwambia. Nilikuwa nimemwambia nimemwona mtoto, ni mzima, atakuja. Nililisema kwa sauti ya mwanasiasa. Yeye aliisikia sauti hiyo na hakuniuliza tena.

Kadzo alikuja. Sikuambiwa na ofisi yoyote. Nilisikia mayowe nyumba ya jirani nikadhani ni msiba, nikatoka na kanga moja, nikamkuta amesimama uani na mfuko wa nailoni, Dama amekaa chini amemkumbatia miguu.

Uchaguzi uliofuata nilishindwa. Dama alipigia kura mpinzani wangu na akaja kuniambia mwenyewe, "Nilikuahidi." Tukanywa chai.

Basi wewe unayetaka kiti, jifunze majina, lakini jifunze na ulimi kuufunga. Usimbebe mtu katika hatari yako bila kumwambia yote, kama nilivyomwambia Suleiman yote. Na unapoingia nyumba ya mwenye nguvu, tazama nani ndani yake hana nguvu kama wewe, ukae karibu naye.

Lipo bado neno moja, nalo ndilo linalonifanya niandike. Tulipokuwa tunavuka mlango, mama mzee alisema kitu nyuma yetu, na Zuhura akanifasiria tukiwa tumeshafika ukumbini. Alisema, "Na usiku nani atanigeuza?" Mimi nakumbuka hakuna aliyemjibu. Hessa alikuwa ndani, Fahd ukumbini, sisi tunakimbilia nje, na Kadzo amesimama katikati. Nakumbuka swali lilibaki chumbani vilevile. Lakini niliogopa sana siku ile, na mwenye hofu hasikii vizuri. Zuhura, na wewe Kadzo uliyebaki nyuma, mkiyasoma haya, kama nimekosea, kama yupo mtu aliyemjibu yule mama, tafadhalini nisahihisheni.